Saa Kumi na Robo

Mwaka wa nne tangu Ambokile akabidhi filimbi na bendera za reli,
bado saa kumi na robo, macho kodo.
"Treni imeshaondoka," namwambia. "Lala."
Halali.
Nje ukungu wa Tukuyu umekaa kizingitini,
mgeni asiyepiga hodi.
Anachemsha chai, maziwa mengi,
ananiletea kitandani, kikombe kile kilichokatika mkono,
mimi niliyekatishwa usingizi miaka thelathini
kuzalisha wake za watu.

Jana jioni Lusekelo kaingia, matope hadi magotini:
"Babu, kuku wamechelewa kurudi!"
Babu akatazama saa,
akafungua daftari, akaandika:
Kuku. Dakika saba. Sababu: mvua.

Nikacheka mpaka ndizi zikaungua.
Tukazila hivyohivyo.