Vua Kabla ya Kuoga

Katika mji huu maji ya moto hayachemshwi.
Yanafoka yenyewe chini ya nyumba,
yanapita mabombani yakinuka yai viza,
na mgeni akifungua bomba mara ya kwanza
hugeuka nyuma, kutazama nani amefanya nini.

Sisi wa Hveragerði, pua zetu zilishazoea.
Fedha haizoei.

Torfhildur, mama wa mama yangu,
aliniandikia nyuma ya bahasha ya bili ya umeme:
Vua kabla ya kuoga. Vua kabla ya kuosha vyombo.
Vua ukienda bwawani, hata kama ni dakika tano.
Manukato kwanza, bangili mwisho.
Usiifunge kwa sufu, hata iwe ya kondoo wetu.
Mengine utayajua.

Bahasha ninayo. Bangili ninayo,
fedha isiyonunua hata mkate,
nyuzi zimesokotwa zikawa maua madogo,
na ndani, pale mshipa unapopiga, muhuri: 925.
Kati ya elfu moja, hizo ndizo za fedha.
Zilizobaki ni shaba, alisema fundi wa Selfoss,
maana fedha tupu ni laini mno,
ukiivaa kwa mapenzi inapinda.
Nikamwambia, nawajua watu wa namna hiyo.
Hakucheka. Alikuwa na lenzi jichoni.

Wiki ya mazishi nilisahau.
Nilioga nayo, nikalala nayo,
nikaosha nayo sahani arobaini
za watu waliokuja kula keki na kusema alikuwa mwema.
Hakuwa mwema kila siku.
Alimnunia dada yake miaka kumi na mmoja
kwa sababu ya kabati.
Usiku nikatazama kifundo cha mkono:
rangi ya chai kwanza,
kesho yake zambarau ya shingo ya njiwa,
kisha nyeusi tii.
Nikaona haya, kama mtu aliyeunguza chakula cha wageni.

Basi. Karatasi ya alumini chini ya bakuli.
Kijiko cha chumvi, kijiko cha magadi.
Maji ya moto, si ya bomba, Torfhildur, najua,
nilichemsha ya baridi kwenye birika
kama mtu wa nchi nyingine.
Povu kidogo. Na harufu ile ile ikapanda,
yai viza, sasa ikitoka kwenye fedha yenyewe,
ikirudi hewani.

Nikasuuza. Nikakausha kwa fulana yake ya zamani,
laini kuliko kitambaa chochote cha dukani.
Dawa ya meno sikugusa:
jirani yetu Ásvaldur aliusugulia mkufu wa mkewe,
na mikwaruzo ile wanaiona mpaka leo, wote wawili.

Kwenye mikunjo ya maua weusi umebaki.
Fundi alisema uache,
ndio unaoonyesha petali.
Nikauacha.
Sijui kama ni kwa ajili ya petali.

Eydís, binti yangu, ana miaka sita.
Anauliza kwa nini nisiitie tu mfukoni
na kipande cha chaki, isiguswe na mtu.
Namwonyesha pete iliyolala sandukuni tangu sijazaliwa,
kijivu kama samaki wa juzi.
Kisha mkono wangu.
Ngozi inaisugua, namwambia, kutwa kucha.
Hata ukilala?
Hata nikilala.
Hata ukioga?
Nikioga naivua, naiweka kwenye kisosi cha buluu
nje ya mlango, mbali na mvuke.

Leo asubuhi nimetoka bafuni, kisosi kitupu.
Eydís yuko jikoni, amepanda kiti,
bangili ameipandisha juu ya kiwiko isianguke,
bomba la moto limefunguliwa mpaka mwisho,
anaosha vikombe, anajisemea peke yake,
mvuke umemfunika mpaka nywele.

Sikumkemea.
Nikafungua droo, nikatafuta alumini.