Swali Kabla ya Picha

Scunthorpe, saa tisa usiku, Januari.
Barafu imetanda juu ya lami kama utando wa maziwa
na watu wanaanguka.

Fomu inasema: *Shingo. Piga picha.*
Haisemi picha gani.
Miaka kumi na minne nimevaa aproni ya risasi
na neno hilo, *piga*, bado linanikera,
kana kwamba mwili una kosa.

Kwanza Callum, kijana wa ghalani,
kaja kwa miguu yake, hajaonja pombe.
Dokta Nirmala akamtomasa shingo pingili kwa pingili:
hapaumi. Vidole havina ganzi.
"Geuza kulia. Kushoto."
Kidevu kikalitafuta bega, kikalipata.
Nenda nyumbani.
Mama yake akaja juu: "Mmemnyima hata picha moja?"
Mama, mionzi si peremende.
Hilo sikulisema. Nilisema:
"Shingo yake imeshajibu."

Kisha Bwana Raithby, sabini na minne,
alitoka kuweka pipa la taka,
kidevu kikagonga ngazi, kichwa kikarudi nyuma.
"Siumwi sana," anasema.
Watu wa huku husema hivyo hata nyumba ikiungua.
Lakini kifungo cha pajama:
vidole vinatafuta tundu,
vinatafuta,
miguu ina nguvu, mikono imelegea.

Daktari mgeni wa zamu: "Tuanze na eksirei?"
Hapana. Kwa shingo kuukuu, iliyoota vijiba,
eksirei ni kuchungulia chumba kwa tundu la ufunguo:
utaona kiti,
hutamwona aliyelala chini ya kitanda.

Tukamhamisha watu watano, moja, mbili, tatu,
kama gogo lenye jina.
CT ikamkata vipande kama mkate bila kumgusa.
Hakuna mvunjiko.
Mwingine angeshusha pumzi.
Nirmala alikuwa bado anakitazama kile kifungo.
Ala ikiwa nzima,
haitoi habari za upanga.

Basi MRI, inayoujua ugwe laini ndani ya mfupa.
Nayo ina wivu wake: "Una chuma mwilini?"
Akacheka kwa mara ya kwanza.
"Binti, miaka thelathini na moja kwenye tanuri,
chuma ndicho kilichonilea."
Mwaka wa sabini na nane, cheche jichoni.
"Walitoa. Nadhani."

Sumaku haijui *nadhani*.

CT yake iliishia kwenye taya.
Nikaurudia mtambo tuliouruka,
eksirei, kikongwe wa kona,
nikaomba macho tu.
Safi. Hata chembe.
Nikaupapasa ubavuni kama punda aliyefika.

Dakika ishirini na tano za nyundo.
"Kama kiwandani," akasema,
akafumba macho, mtu aliyerudi kazini.

Kwenye skrini, ugwe wa kijivu,
na katikati yake wingu jeupe
lisilozidi punje mbili za mchele.
Lilikuwepo tangu ngazini.
Lilikuwa likingoja aulizwe anayelijua.

Wapasuaji wa Hull wakapigiwa simu.
Mimi, saa mbili asubuhi, mbele ya kabati,
nikafunga koti langu polepole,
kifungo cha kwanza, cha pili,
nikavitazama vidole vyangu
vikifanya kazi bila kuambiwa.