Tawi la Kupumulia

Mawe yalishuka saa tisa, siku ya gulio,
robo saa tu,
na mibuni yangu yote ya Kalinzi ikabaki fito.
Bati la jikoni likawa chekecheke.

Shemeji Buchumi akaja na jembe begani:
"Ng'oa, Evodia. Panda maharage, ule mwaka huu."
Nikampa uji. Jibu sikumpa.

Wiki ya kwanza mkono uliniwasha kukata.
Nikaupa kazi nyingine, kupukuchua, kusiriba ukuta.
Mti ulioumia hausemi siku ileile
uchungu umeishia wapi.

Wiki ya sita nikapita na ukucha wa dole gumba,
nikikwaruza gome, mti kwa mti.
Kahawia: shuka.
Kahawia: shuka tena, karibu na goti.
Kijani!
Hapo nikapaka chokaa.

Msumeno niliazima kwa Ntakije, fundi milango.
Nikaupitisha motoni, nikakata mshazari,
maji yateleze, yasilale kwenye kidonda.
Kila mti nikauachia tawi moja bovubovu,
majani manne, matano,
la kupumulia, asemavyo bwana shamba.
Mama aliliita mlinda nyumba:
hukaa mpaka wenyewe warudi.

Kuni zilitosha miezi miwili.
Maharage ya kununua yakaivia moto wa kahawa yangu,
na moshi ulinukia vizuri, nikauchukia kwa hilo.

Kisha machipukizi.
Kumi na moja kwenye kisiki kimoja,
yanasukumana kama watoto mlangoni
waliosikia pikipiki ya baba yao.
Hakuna aliyenionya kwamba ugumu ungekuwa hapa.
Kukata kilichokufa ni kama kufagia.
Haya yalikuwa hai, laini, yana umande,
nami nilitakiwa kubakiza matatu.

Nikabakiza matatu. Nikabakiza matatu.
Mti baada ya mti, kikapu kikajaa ubichi,
mbuzi wa jirani wakaula wakashukuru kwa mikia.

Jioni nikafika kisiki cha mwisho, karibu na choo,
nikamkumbuka Yustina,
niliyemtoa shule darasa la sita
ili kaka zake wawili wamalize.
Wamemaliza. Mmoja hutuma pesa.

Kisiki kile sikukigusa.
Kimesongamana kama kichaka cha sungura,
kahawa ya maana hakitatoa,
na Buchumi akipita hukicheka.
Acha acheke.
Mwezi wa kumi na mbili Yustina anakuja kutoka Uvinza.
Sijui kama atauliza.