Ndago

Zamu yetu ya falaji huanza saa tisa na robo usiku.
Zamani walipima kwa nyota; leo mama hupima kwa simu,
na wakili wa maji, Sulayyim bin Nabhan,
hasemi neno, ila hukohoa dakika zikizidi.

Maji yanaingia kondeni. Mnywaji wa kwanza si mtende,
si majani ya mbuzi tuliyopanda kwa riali za mkopo.
Ni ndago.

Naing'oa tangu mwaka wa sabini na nne,
nilipofika Sumaili na miaka tisa, viatu vya mpira
na Kiarabu cha msahafuni tu.
Mwalimu aliushika juu: mmea huu jina lake nani?
Jina lake lina ile aini ya kooni,
mlango ambao ulimi wangu haukupewa ufunguo.
Nikasema, "Saadi."
Darasa zima likaangua kicheko.
Jioni nikarudi shambani, nikauita kwa jina nilijualo mimi.

Ndago haing'oki. Unavuta jani, linakuja jani.
Chini kijiazi kimekaa kitako, cheusi kama iliki iliyoungua,
nacho kina ndugu, na ndugu ana ndugu,
wameshikana kwa uzi. Ukikata uzi
umewapa ruhusa kila mmoja aanze mji wake.
Mpwa wangu Muhannad alileta dawa ya pampu kutoka Nizwa.
Wiki nzima pakawa pakavu.
Siku ya tisa konde lilikuwa na ndevu tena.

Mama haigombi. Asubuhi huketi ukingoni mwa mfereji,
huchambua udongo kwa vidole,
vile vinene huvisugua kwa pindo la kanga, akatafuna.
"Hiki kichungu. Hiki, haya, kina tui kidogo."
Halafu: "Vya Mtambwe vilikuwa vikubwa zaidi."
Kila mwaka vya Mtambwe vinazidi kunenepa.

Jana usiku Mofizul, kijana wa Komila anayetusaidia,
alisimama mbele ya wakili, jembe begani,
akashitaki kwa Kiarabu chake cha sokoni:
"Arbabu, ndago kathiri. Ndago kila mahali."
Na wakili, ambaye babu zake saba
wamelala nyuma ya ukuta ule pale,
akainama, akang'oa moja, akaimulika kwa tochi.
"Wallahi," akasema, "ndago hii!"

Hakujua ametamka nini.
Mimi nilikuwa nimeshika kibao cha lango la maji,
nikasahau kukishusha.
Dakika mbili zilizidi.
Hakukohoa.