Kisanduku Kidogo

Fomu ina kisanduku, upana wa kijiti cha kiberiti.
Ndani ya Kiingereza chake, neno la herufi nne,
mbili za mwisho mapacha.
Chini yake: Kiswahili, neno moja tu.
Mimi hulipwa kwa neno. Leo nitalala na chai.

Neno lile tunajuana. Nililikuta kwanza kule Kavumu,
walinzi wa amani wakielekea wali na dengu:
banda lao la kulia liliitwa vivyo hivyo.
Nikacheka peke yangu. Kumbe kwao fujo ina viti,
inafungwa saa mbili usiku,
na mpishi anahesabu vijiko.

Basi nianze na fujo.
Lakini fujo ina miguu, fujo hukimbia.
Chumbani kwa kaka yangu Zihalirwa hakuna anayekimbia:
soksi moja juu ya redio,
sahani ya sombe chini ya kitanda imeota manyoya,
daftari la jiometri ndani ya sufuria.
Hiyo ni shaghalabaghala. Litamke polepole,
neno limemwaga silabi zake sakafuni
na hakuna wa kuziokota.

Rabsha ina ngumi.
Zogo ni la midomo tu, la Mama Cibalonza pale bombani,
ndoo ya nani ilitangulia;
zogo huisha mmoja akishikwa na kicheko.
Takataka ningeweza kuandika, ila takataka hubebwa,
na hiki ninachokitafutia jina hakibebeki.
Machafuko?
Hilo tumelivaa mno, limepauka magotini.
Ukisema hapa Bukavu, "kabla ya machafuko,"
mtu atakuuliza, yapi?

Maana ripoti yenyewe ni ya mlima.
Usiku wa Jumanne mvua ilipiga Kadutu,
na udongo, uliokuwa umeshikwa na nyumba
badala ya nyumba kushikwa na udongo,
ukaachia.
Asubuhi mlango wa Bisimwa ulikuwa wima peke yake,
kufuli limefungwa vizuri,
nyuma yake hewa, na ziwa kwa mbali.
Viatu vya shule. Godoro lililokunja goti.
Karatasi za kiwanja, zimelowa, mihuri mitatu,
wenye kiwanja watatu, ofisi ile ile.

Bwana alisimama ukingoni na buti zake safi,
akaonyesha kwa kalamu, akalisema neno lake mara moja.
Likatosha.
Neno pana kama turubai: lilifunika matope, viatu,
mlango, mihuri, na aliyegonga mihuri.

Mimi sina turubai. Nina vitambaa,
kila kimoja kinafunika kitu kimoja na kinaacha miguu nje.

Jioni nilimuuliza mama. Alikuwa anachagua maharage.
"Mama, kitu kikivurugika, kikabaki hivyo, unakiitaje?"
Hakuinua macho.
"Kilivurugwa na nani?"
"Mama, nataka jina tu."
"Ndiyo. Hata mimi nakuuliza jina."
Akatupa kijiwe nje, kikagonga bati la jirani.

Nimeandika mporomoko, nikafuta.
Nimeandika vurugu, nikafuta, karatasi ikatoboka.
Halafu wino ukatoka kisandukuni wenyewe,
ukapanda pembeni, ukazunguka nembo ya shirika:
mlima uliouzwa mara tatu, mlango usio na nyumba,
usiku wa Jumanne, watu saba, na mtoto wa saba
hatujui walimwita nani, alikuwa na siku nne.

Bwana ameishika fomu kwa ncha za vidole.
Ameitazama juu, chini, pembeni,
akalitamka tena lile neno lake.

Safari hii sikulitafsiri.

Mke wa Bisimwa alikuwa anasubiri nje, kwenye ngazi,
ametumwa kusaini.
Ufunguo anao bado, umefungwa kwenye pindo la kitenge.
Aliniuliza kama umeandikwa.