Sasa

Injini haifi, alikuwa akisema baba, hununa tu.
Hii yetu ilinuna miaka kumi na tisa
katika banda la kupasulia mbao, nyuma ya nyumba,
kisiwani Saaremaa, ambako Machi bado ni theluji
na kutu haina haraka, ila haikosi kazi.

Heldur alikuja Jumanne. Hakubisha hodi.
Akaweka sanduku la spana mezani, akavua glavu.
Tangu mazishi hatujasemezana, mimi na ndugu yangu;
shamba liligawanywa kwa kamba na kwa wakili,
banda likabaki katikati, si lake, si langu,
na mpaka, ukifuata ramani, unapita juu ya flaiwili.

Lakini dhoruba ya Novemba iliangusha misonobari,
kwake arobaini, kwangu sijahesabu,
na magogo hayaulizi nani alimtukana nani.

Tulianza na bomba la moshi. Panya alikuwa amelijaza
manyoya, mabua ya shayiri, nyuzi za soksi nyekundu.
Soksi ya baba. Niliijua. Naye aliijua.
Akazitupa ndooni, kisha akazitoa tena,
akazitia mfukoni kama mtu aliyeokota nati.

Pistoni ilikuwa imeng'ang'ania silinda.
Tukaimiminia dizeli na oili ya gia, nusu kwa nusu,
tukaiacha inywe.
Siku tisa. Kila asubuhi nilikuta nyayo zake thelujini:
zimekuja, zimetazama, zimerudi.
Siku ya kumi flaiwili ikakubali
upana wa ukucha.

Tangini, mashapo meusi mazito
kama jemu ya plamu iliyosahaulika ghalani.
Wosha za shaba nilizichoma jikoni hadi zikaiva,
nikazitumbukiza majini zipate kulainika.
Nozeli aliisugua yeye, kwa mafuta ya taa, akiwa amenipa mgongo.
Kisha nikalegeza skrubu ya hewa, naye akapampu kwa mkono:
povu, povu, mate ya povu,
halafu uzi safi wa dizeli, usiokatika.
"Funga," akasema.
Hilo lilikuwa neno lake la nne kwangu.
Mengine yalikuwa "Una waya?" na "Shika."

Injini hii haiwashwi na mtu mmoja.
Mmoja huzungusha mkono wa chuma,
mwingine hushikilia wenzo, vali ibaki wazi,
na kasi ikitosha, huuachia.
Baba alizungusha, mama aliachia.
Ukutani bado kuna penseli: tarehe za kubadilisha oili,
na pembeni, kwa mwandiko wa mama, *usinifokee*.

Baridi nyuzi nane chini ya sifuri.
Nikawasha kitambaa chenye dizeli mbele ya mdomo wa hewa.
Heldur akazungusha. Ana miaka sitini na sita na bega bovu.
Mara ya kwanza niliachia mapema;
chuma kikagoma, mkono wake ukapokea habari yote.
Mara ya pili nilichelewa, pumzi ikamwishia.
Akakaa juu ya gogo. Nikasema, tuache.
Hakujibu. Akatema mate, akasimama.
Mara ya tatu alizunguka naye, mwili mzima,
kofia ikaanguka, na nikasikia sauti ya baba
ikitoka katika kinywa kisicho chake:
"Sasa!"

Nikaachia.

Kikohozi. Hakuna.
Kikohozi kingine.
Halafu kile kimya kingi kikatoa mshindo wake:
moshi mweupe, moshi wa buluu,
makopo ya misumari yakicheza rafuni,
theluji ya paa ikiporomoka yote kwa pamoja nje ya dirisha.

Heldur akasema kitu. Niliona midomo.
Ilikuwa sentensi ndefu, ina koma ndani yake,
na mara moja alielekeza kidole nyumbani.
Sikusikia hata silabi. Sikumwomba arudie.
Niliitikia kwa kichwa,
mkono wangu bado umeushika wenzo
ambao haukuhitaji tena kushikwa.