Tabaka la Tano

Lodewijk hakuamini kwamba kizuri chajiuza.
Miaka thelathini, ghorofa ya sita, Antwerp,
alikitembeza kizuri na kibaya kwa nauli moja:
sabuni ya manjano, bima ya mazishi,
majarini iliyoapa kuwa ni siagi.
Maneno manne, alifundisha, matano yakizidi sana;
la sita ni la mwenye duka, likate.

Kisha akauza kampuni, na meza, na hata kalamu,
akaanza kununua visivyosema kitu.
Turubai la kijivu, futi nane kwa nane.
Ndoo ya zege yenye ufa.
Video: mwanamke anakunja shuka
dakika arobaini, na shuka halikunjiki.
"Inauza nini?" mkewe Godelieve akauliza.
"Haiuzi," akajibu,
na siku hiyo nilimwona akicheka
pasipo mteja chumbani.

Mimi ndiye niliyempigia misumari.
Kuta zake nazijua kuliko zangu,
wapi plasta imeoza, wapi nyaya zinapita.
Husimama nyuma yangu na kahawa iliyopoa:
shusha upana wa kidole. Pandisha nusu.
Jicho la tangazo halistaafu.

Februari ikaja kazi ya Ilse Vranckx,
kijana aliyebandua mabango kando ya stesheni ya Berchem,
karatasi juu ya karatasi, unene wa godoro,
akazichana kwa kisu cha samaki
mpaka rangi za chini zikachungulia.
Aliinunua kwa picha ya simu, bei ya nyumba ndogo.

Tukafungua kreti.
Chini ya sarakasi, chini ya mgombea udiwani,
chini ya mkopo usio na riba,
tabaka la tano: shavu, pengo la jino,
kipande cha mkate,
na maneno mawili kati ya manne yake.
Mtoto wa majarini.
Machteld, miaka sita, ujira wake baiskeli;
siku hizi yuko Oslo, na hapigi simu.

Nikangoja aseme pandisha, aseme shusha.
Aliingiza ukucha chini ya karatasi ya mgombea
ili alione jicho la binti,
akakumbuka bima,
akaurudisha mkono mfukoni.

"Niitundike wapi?"
Akataja ukuta wa jikoni, juu ya birika.
"Mvuke utaiharibu," nikamwambia.
"Najua."

Nikatoboa matundu mawili.
Vumbi likaangukia mkate.